Niliyefunga Koki Ni Mimi

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo yangu mwenyewe, nimeipindua, karatasi iko magotini, na mbele yangu kuna foleni ya ndoo za watu mpaka kwenye bomba la mtaa. Kwa hiyo ukiona mwandiko unayumba usidhani naumwa. Mwili ni mzima, roho ndiyo haikai, na nitakueleza kwa nini. Kwanza nipe habari zako. Mguu unaendeleaje, ule wa kushoto unaokusumbua ukishinda umeinama unaokota korosho? Na kisima cha uani kina maji kiasi gani? Usinijibu "yapo, yapo" kama kawaida yako. Mjukuu wako Asha akija likizo kutoka shuleni Chidya, mwambie ateremshe kamba yenye mafundo, anihesabie yaliyolowa. Nasikia mvua ya huko imegoma tena, kwamba mnaona mawingu yanapita kwenda Masasi bila hata kuwasalimia.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama, simu yako si simu, ni mkutano wa hadhara. Nikipiga tu unaweka spika, na kabla sijamaliza kukuamkia namsikia Bi Mwajuma, jirani yako, ananiuliza lini naolewa tena, na kuku wanaitikia. Mara ya mwisho ulinipa habari za Mjomba Issa mbele ya uwanja mzima, nami nikajibu, "Poleni, Mungu atamsaidia," nikasingizia chaji imekwisha. Chaji haikuwa imekwisha. Tangu siku ile sikai mahali pamoja, chakula nakizungusha tu sahanini, na Mama Rukia mwenye nyumba ameanza kuniuliza kama nina mimba.

Ulisema Mjomba amesimamishwa kazi ghalani. Ulisema mzigo wa korosho wa chama chetu cha ushirika umekataliwa huku bandarini kwa uchafu, na kwa kuwa yeye ndiye mpokeaji na mpimaji, na sahihi ni yake, watu wanasema alipokea korosho mbovu akazipa daraja la kwanza. Ulisema pia, kwa sauti ya chini, ingawa spika haijui sauti ya chini, kwamba wapo wanaonong'ona amekula kitu. "Mwanangu," ulisema, "ndugu yangu siku hizi anapita njia ya nyuma kwenda msikitini." Maneno hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi. Mjomba Issa, mtu anayeinama kuokota korosho moja iliyodondoka ili airudishe kwenye mfuko wa mwenyewe!

Korosho zile hazikuwa chafu, Mama. Zilichafuliwa huku, na aliyesababisha ni mimi. Nivumilie nikueleze tangu mwanzo, maana nikianzia katikati utanikasirikia kabla ya wakati wake.

Huko nyumbani mnajua tu kwamba nafanya kazi bandarini, na nasikia mmekwisha kunikalisha ofisini kwenye kiyoyozi. Kazi yangu ni kumwagilia makaa ya mawe. Malori yanayaleta kutoka migodini, yanamwagwa yadini, yanangoja meli, na lundo linapanda hadi kupita paa la ghala. Upepo ukivuma, vumbi lake linaruka ukuta na kuingia mtaani kwetu, huku nilikopanga chumba. Linakaa kwenye mchele, kwenye shuka zilizoanikwa, kwenye vifua vya watoto. Watu wa mtaa walilalamika na kulalamika, mpaka ikatoka amri kwamba lundo liloweshwe kutwa, lisikauke. Getini pakawekwa bango la kijani linalosema bandari yetu ni safi na inajali mazingira. Nami nikapewa buti, kofia ngumu, mpira mrefu wa maji na koki yake.

Najua utauliza, bahari si iko hapo hapo, kwa nini wasichote? Niliuliza hivyo hivyo siku ya kwanza, wakanicheka. Maji ya chumvi yanaharibu makaa, wanunuzi hawayataki, na pampu zinaliwa na kutu. Kwa hiyo tunamwaga maji ya bomba, yale yale ya kunywa.

Mama, siku nilipofungua ile koki mara ya kwanza, maji yalitoka kwa nguvu mpaka mpira ukanivuta. Yakaruka juu, yakaangukia makaa, yakateremka meusi kwenda baharini. Nilisimama pale nikalia. Msimamizi wetu, Bwana Mauridi, akadhani vumbi limeniingia machoni. Mimi nilikuwa nauona ule mlima wa kutoka bondeni, tumetoka alfajiri na madumu, wewe mbele mimi nyuma, magoti yanatetemeka, na tukifika nyumbani unanipimia kikombe kimoja cha kunawa uso. Kikombe kimoja! Na ole wangu nimwage, maana vidole vyangu vinaukumbuka mwiko wako mpaka leo. Pale yadini asubuhi moja tu nilimwaga maji ambayo wewe na mimi tungeyabeba mwaka mzima, na hakuna aliyenigusa hata kidole.

Foleni imesogea kidogo. Nimesogeza ndoo, narudi kwako.

Kilichonimaliza zaidi ni hili bomba ninalolingoja sasa. Mstari wa maji ni mmoja. Koki ya yadini ikifunguliwa, bomba la mtaa linakoroma, linatema hewa, halafu kimya. Sikujua mpaka siku niliyotoka kazini nimelowa chapachapa, nikamkuta Mama Rukia amekaa na ndoo kavu tangu saa nne. Akaniangalia kuanzia kilemba mpaka buti.

"Mama Asha," akasema, "umeogelea wapi mwenzetu, na sisi twende?"

Nikavua buti mlangoni, nikaingia ndani. Nisipomwagilia, yeye na wajukuu zake wanakula vumbi, na nikimwagilia wanakosa maji. Mwaka huu joto limewahi na mvua imechelewa, kwa hiyo lundo linakunywa kuliko zamani na watu nao wanataka kunywa kuliko zamani. Nilikuwa nikipita chini ya lile bango la kijani nageuza uso.

Basi nikaanza kuiba. Kila alasiri Bwana Mauridi akienda kuswali na kunywa chai, nilikuwa nalitazama lundo. Nikiona juu panang'aa, pamelowa, nasema moyoni kama ulivyonifundisha, kilicholowa kimelowa, usikiongezee. Nafunga koki. Halafu natega sikio kwenye ukuta mpaka nisikie ndoo zinagongana na wanawake wanaitana. Mama, sauti ile ilinipa raha ambayo mshahara haujawahi kunipa. Mtu mwingine yeyote pale angeyaacha maji yatiririke, akakaa kivulini na simu yake, na lisingetokea lolote. Mimi mikono ilikuwa inaniwasha kuona maji yanapotea bure. Nimelelewa kwetu Makote, Newala, utanifanya nini?

Nilichokuwa sikijui ni kwamba makaa si udongo wa shamba. Udongo wetu mwekundu ukilowa umelowa. Makaa yanang'aa juu, ndani makavu, na kwa jua la siku hizi hata hiyo ngozi ya juu inakauka kabla chai ya Bwana Mauridi haijapoa. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza, kwa sababu mwizi haulizi maswali.

Alasiri ya Jumatano moja nilifunga koki kama kawaida. Upepo ulikuwa umelala. Mara ukaamka, tena kutoka upande ambao wenyeji wanasema si wa miezi hii. Katapila lilikuwa linachimba ubavuni mwa lundo. Likainuka wingu jeusi, na badala ya kwenda mtaani likageukia ghala la ng'ambo, ambako milango ilikuwa wazi na magunia ya korosho yanapangwa tayari kwa meli. Nilikimbilia koki. Mpaka maji yanafika mwisho wa mpira, ghala zima lilikuwa jeusi na wapakizi wanakohoa, wamejifunika mashati usoni.

Nikaenda kuwasaidia kufuta. Gunia la kwanza nilipolipangusa kwa kiganja, likajitokeza jina la chama chetu. La pili, hivyo hivyo. Kwenye la tano nikaacha, kwa sababu sasa nilikuwa naujua mpaka mkono ulioandika. Ile herufi yenye mkia mrefu, Mama, unaifahamu, ndiyo aliyoniandikia Mjomba kwenye madaftari yangu yote ya shule. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi mpaka mpakizi mmoja akaniinua.

Asubuhi mkaguzi wa mnunuzi akaja, akayatazama magunia, akayakataa. Karani wa ghala, kwa kuogopa kibarua chake, akaandika kwenye hati kwamba yalifika hivyo hivyo, kwamba wakulima wa huko juu wanaanika korosho barabarani. Hakuna aliyeniuliza, nami nikanyamaza. Nilijiambia ofisi zitamalizana zenyewe. Sikujua kwamba karatasi ile itapanda mpaka Makote na kumtoa Mjomba kwenye mzani wake. Uliponipigia ndipo nilipojua, na hata hapo nikasingizia chaji.

Nimeona haya, Mama. Baba Asha alipofariki na ndugu zake wakaja kudai nyumba, Mjomba ndiye aliyekwenda kukaa kizingitini pangu siku tatu, hagombani na mtu, anatafuna njugu mawe zake tu, mpaka wakachoka wakaondoka. Kwetu mtu akikosa mjomba amekosa ukuta. Yeye aliniwekea ukuta, mimi nimemnyamazia. Nikikumbuka hilo nainuka natembea. Hata sasa nimeinuka, nimeizunguka foleni, watu wanadhani natafuta njia ya kuwapita.

Juzi kukawa na mkutano. Walikuja wakubwa wa bandari, mhandisi wa mazingira, wajumbe wa mtaa, na sisi wa yadini tukasimama nyuma. Habari ilikuwa vumbi na maji. Walizungumza sana, uendelevu, tabianchi, wadau, mpaka mjumbe mmoja akasinzia. Mhandisi, ambaye ni mama wa makamo anayeongea taratibu, alituonyesha picha za maji ya bamvua, bahari inapojaa sana, yanavyoingia siku hizi mpaka karakana, mahali ambapo zamani hayakuwa yakifika. Akasema gati litabidi liinuliwe.

Mama Rukia akanyoosha mkono. "Gati mtaliinua," akasema. "Na sisi wa hapa chini ya ukuta, atatuinua nani? Au sisi tumeletwa kukohoa tu?"

Watu wakapiga makofi. Wakubwa wakaandika kwenye daftari. Mimi miguu ilikuwa haitulii, namwona Mjomba anakata kona ya nyuma ya msikiti na kanzu yake, na nikajisikia nasema, "Niliyefunga koki siku ile ni mimi."

Bwana Mauridi akanivuta mkono. "Kaa chini, Mama Asha," akaninong'oneza. "Maji hayapandi mlima."

Ni mtu mwema, alikuwa ananihurumia. Anajua mdogo akishindana na wakubwa anaumia peke yake. Lakini methali hiyo, Mama, unamwambia mtu wa Newala? Nikamjibu kwa sauti, "Kwetu yanapanda. Wanawake tunayapandisha kichwani." Watu wakageuka kunitazama. Hapo maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, ikanibidi niyaoge. Nikasema yote, koki, chai, lundo, ghala, na hati ya uongo. Nikasema korosho zile ni za watu wanaoanika kwenye turubai na kuziondoa kila wingu linapopita, na kwamba kuna mzee amevuliwa heshima yake kwa kosa langu. Karani wa ghala aliinamia viatu vyake.

Mkubwa mmoja akaniuliza kama naelewa ninachojitafutia. Nikamwambia naelewa, ila na yeye aelewe kwamba koki niwe nimeifungua au nimeifunga, kuna mtu wa upande wa pili wa ukuta aliyekuwa anaumia. Hakufurahi.

Mhandisi ndiye aliyeniuliza jambo la maana. "Huko kwenu kusiko na maji, mnafanyaje?"

Nikamweleza kisima chetu cha uani na mabati yanavyokinga kila tone. Nikamweleza kwamba kwako wewe maji yaliyoosha mchele yanaosha vyombo, yaliyoosha vyombo yanaosha miguu, na yaliyoosha miguu yanaishia kwenye mpapai. Watu wakacheka, lakini cheko zuri. Nikamuuliza, malori yanaoshwa matairi getini kutwa, maji yale yanakwenda wapi? Na mapaa haya ya maghala, makubwa kuliko uwanja wa mpira, mbona hayana hata mfereji wa kukinga mvua ikija? Makaa hayachagui maji. Kwa nini yanywe ya Mama Rukia?

Sijui kama nilisikilizwa au nilivumiliwa tu. Jana wameanza kuchimba shimo karibu na pale pa kuoshea matairi. Mhandisi anasema ni la kutuamishia maji ili yamwagwe tena kwenye lundo. Wenzangu wanasema ni shimo la kutunyamazisha, litachimbwa mpaka watu wasahau. Nimekwenda kulichungulia mara tatu, mlinzi amekwisha kunizoea. Mimi mwenyewe nimesimamishwa mpaka kamati ikae. Buti nimerudisha. Koki sasa ameishika mtu mwingine ambaye hafungi hata kidogo, hataki makosa, ndiyo maana foleni hii haisogei na barua yako imekuwa ndefu.

Usijali juu ya kibarua. Najijua, siwezi kukaa bure, Mama Rukia ameshanitwisha kazi ya kukaanga samaki wake. Nikipoteza nitakuwa nimepoteza changu. Cha Mjomba ndicho kinachonikosesha raha. Baada ya mkutano ule magunia yamefunguliwa, mkaguzi akatia mkono mpaka ndani, akatoa korosho, akazikata mbele yetu. Safi, zimejaa, hakuna hata moja iliyooza. Wamesema zitahamishiwa magunia mapya na hati itasahihishwa. Lakini barua ya ofisi itapita meza ngapi kabla ya kufika Makote? Na ikifika itasema tu kwamba ilitokea hitilafu. Haitataja mtu. Watu wa kwetu wataisoma, watatikisa kichwa, na wataendelea kumwangalia Mjomba kwa pembeni, maana kosa lisilo na mwenyewe ni rahisi kumpachika aliye karibu.

Nisalimie wote wa nyumbani. Msalimie mke wa Mjomba aliyenifunza kusuka ukili wa mikeka, mwambie najua na yeye anapita njia ya nyuma na nitamwomba radhi kwa mdomo wangu. Msalimie kaka Bakari anayepulizia dawa mikorosho yetu, afunge kitambaa puani, asijione chuma. Bibi mzaa baba mwambie ile mizizi ya ming'oko aliyonitumia niliila yote peke yangu, sikumpa mtu. Asha mwambie asome, na asiogope akisikia habari za mama yake. Bi Mwajuma mwambie bado siolewi.

Barua hii nampa dereva wa basi la kesho asubuhi, yule anayelala Newala. Nilipoianza nilikuwa nimekusudia kukuomba uisome peke yako na miwani yako, uifiche chini ya godoro, halafu umwambie Mjomba kwa siri, mambo yatulie. Nimebadili nia hapa hapa kwenye foleni. Siri yangu ndiyo iliyomtoa kwenye mzani, haiwezi kuwa ndiyo itakayomrudisha.

Uliniambia chama kinakutana ghalani Ijumaa baada ya swala. Nenda, Mama, hata kama mguu unauma, kodi bodaboda. Mwambie Mjomba apite njia ya mbele. Chukua simu yako, ichaji usiku kucha. Wakishakaa wote, wenyeviti na makarani na wenye midomo yao, nitapiga. Nikikuamkia usiniulize kama nimekula, wala usiseme tutaongea baadaye. Weka spika, Mama, na uishike juu.

Mwanao,
Salima